Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Mtaala wa Historia Uganda: Fundisheni Jinsi Lukiiko Lilivyopata Nguvu Juu ya Kiti cha Kabaka

KWA: Waheshimiwa wenye dhamana ya mtaala wa historia, vitabu vya kiada na maeneo ya kumbukumbu nchini Uganda

YAH: UFUNDISHAJI WA VITA VYA DINI, URITHI WA KITI CHA KABAKA NA KUPANDA KWA LUKIIKO, 1876 HADI 1900

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima inayostahili vyeo vyenu na kazi mliyokabidhiwa. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari hapa Kampala, na ninaandika hadharani kwa sababu njia ya faragha nimeifuata mpaka ikafika ukingoni. Niliwaandikia wachapishaji wa kitabu cha kiada tunachokitumia. Wakanijibu kwa adabu kwamba wao hufuata mtaala. Niliiandikia ofisi inayohusika na mtaala. Nikajibiwa kwamba mtaala hauwakatazi wachapishaji kueleza mada kwa upana wanaoona unafaa. Nilipompelekea kila mmoja nakala ya jibu la mwenzake, sikujibiwa tena. Dai la mwalimu mmoja ni rahisi kulifungia kwenye jalada, lakini darasa halisubiri, na kila mwaka wanafunzi wengine wanamaliza shule wakiwa na picha pungufu ya miaka iliyoijenga nchi yao.

Malalamiko yangu ni haya. Kati ya mwaka 1876 na 1900 Buganda, ufalme ulio katika Uganda ya leo, ilipitia vita vya dini, ikatawaza na kuondoa Makabaka, yaani wafalme wake, mmoja baada ya mwingine, na Lukiiko, ambalo awali lilikuwa baraza la kumsikiliza Kabaka, likageuka kuwa chombo chenye mamlaka ya kumchagua. Mambo haya matatu ni jambo moja, lakini vitabu vyetu vinayatenganisha. Mashahidi wa dini wana sura yao, vita vya 1892 vina sura yake, Mkataba wa 1900 kati ya Buganda na Uingereza una sura yake. Mwanafunzi hatambui kwamba mamlaka ya baraza juu ya kiti cha enzi yalizaliwa ndani ya ugomvi wa dini, yakiwa ni mapatano ya vyama vya dini kugawana vyeo na ardhi, wala kwamba Waislamu, waliotangulia wote kufa kwa ajili ya imani yao kwa amri ya Kabaka, ndio waliotoka na fungu dogo kuliko wote.

Nimechagua kuandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe shuleni, na wasomaji wa lugha hii wametapakaa katika nchi zote ambazo habari hii inazigusa. Uislamu ulifika Buganda pamoja na wafanyabiashara waliotoka pwani. Kabaka Mwanga alipopinduliwa alikimbilia kusini mwa Ziwa Viktoria, katika nchi ambayo leo ni mkoa wa Mwanza. Aliposhindwa tena mwaka 1892 alikimbilia Bukoba. Mwanamfalme Nuhu Mbogo alipelekwa uhamishoni Zanzibar. Hata uadui ambao Kiswahili kilikutana nao Buganda una mizizi katika miaka hiyo, kwa maana lugha hii ilihesabiwa kuwa ni ya Waislamu, na mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa aliandika waziwazi kupinga mpango wa serikali ya kikoloni wa kuieneza. Majirani zetu wana haki ya kuusoma mjadala huu.

Hoja zangu ni hizi.

1. Habari inaanzia mwaka 1886, ilhali haikuanzia hapo.

Kila tarehe 3 Juni nchi nzima hupumzika kuwakumbuka Wakristo waliochomwa moto Namugongo mwaka 1886 kwa amri ya Mwanga. Umati unaofika huko kwa miguu, wengine wakitoka Kenya na Tanzania, unaujua. Kanisa Katoliki liliwatangaza watakatifu mashahidi wake 22 mwaka 1964, na Waanglikana wanawaheshimu wao 23. Sina neno dhidi ya kumbukumbu hiyo. Naiheshimu, na ninawafundisha wanafunzi wangu waiheshimu.

Ila miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 1876, Kabaka Mutesa wa Kwanza aliamuru vijana Waislamu wa ikulu yake wauawe, na hesabu inayotajwa mara nyingi ni watu wapatao 70 waliochomwa Namugongo hapo hapo. Mutesa mwenyewe alikuwa amefunga Ramadhani kwa miaka, akajenga misikiti na kuwahimiza watu wake wasali. Hakutahiriwa, kwa sababu mila haikuruhusu damu ya Kabaka imwagike. Wanafunzi wake wa dini walipoelimika kuliko yeye, walikataa kula nyama iliyochinjwa na wachinjaji wa ikulu, wakakataa pia kusali nyuma ya imamu ambaye hakutahiriwa, na imamu huyo alikuwa Kabaka mwenyewe.

Swali walilolizua vijana wale ndilo swali la kipindi chote kilichofuata: je, kuna jambo ambalo Kabaka hana amri juu yake? Waliotangulia kujibu kwa roho zao walikuwa Waislamu, na wenzao Wakristo wakajibu vivyo hivyo miaka kumi baadaye. Katika kitabu tunachokitumia darasani kwetu, mwaka 1876 hautajwi kabisa. Mwanafunzi Mwislamu anakaa darasani akisoma kwamba watu wa dini yake walikuja kufanya biashara, wakafanya mapinduzi, wakashindwa vita.

2. Mwaka 1888 unafundishwa kama fujo, wakati ulikuwa mwaka wa kubadilika kwa msingi wa ufalme.

Naomba mniruhusu nikae kidogo kwenye hoja hii, kwa sababu hapa ndipo vitabu vinapokimbia.

Kwa mila ya Buganda, kiti cha enzi hakikuwa cha mtoto wa kwanza. Mwana mkubwa wa kiume wa Kabaka aliitwa Kiweewa na hakuwa na haki ya kurithi. Kabaka alipofariki, Katikkiro, yaani waziri mkuu, na wakuu wachache walimteua mmoja kati ya wanawafalme wengine. Kwa hiyo wakuu walikuwa na sauti tangu zamani, lakini sauti hiyo ilisikika siku ya uteuzi tu. Aliyeteuliwa alipokwisha kukaa kitini, wakuu hao hao walipanda na kushuka kwa neno lake, na vyeo, mashamba na hata maisha yao vilikuwa mkononi mwake.

Mwanga, aliyerithi mwaka 1884 angali kijana, alitaka kuwadhoofisha wazee wa baraza. Akawakusanya vijana waliokuwa wakiitwa wasomaji, Waislamu na Wakristo, akawapa bunduki na kuwaweka katika vikosi vyenye mashamba na viongozi wao. Baadaye akawaogopa. Mwaka 1888 ilijulikana kwamba amepanga kuwapeleka kwenye kisiwa cha Ziwa na kuwaacha huko wafe kwa njaa. Mwezi Septemba vijana hao, Waislamu kwa Wakristo, waliungana wakamwondoa. Kabaka kupinduliwa na ndugu yake lilikuwa jambo lililojulikana katika historia ya Buganda. Kabaka kuondolewa na watumishi wake mwenyewe, walioshikana kwa sababu ya imani zao, lilikuwa jambo jipya kabisa.

Waliyemtawaza badala yake alikuwa Kiweewa, yaani mwana mkubwa ambaye mila ilimkataza. Wanafunzi wangu wengi hawajawahi kuambiwa jambo hilo, nalo linasema mengi kuliko kurasa nzima za maelezo, kwa kuwa wenye bunduki walikuwa tayari wameiweka mila kando kwa siku moja. Vyeo viligawanywa kwa dini. Honorat Nyonyintono, Mkatoliki, akawa Katikkiro, na Waislamu wakapata mafungu yao. Mwezi uliofuata Waislamu waliwafukuza Wakristo mjini, kisha wakamtaka Kiweewa atahiriwe. Alikataa, akawaua baadhi ya wakuu wao, akakimbia na kukamatwa. Kiti kikapewa ndugu yake Kalema, aliyekubali kutahiriwa na kuitwa Rashid. Kati ya Septemba na Oktoba 1888, Buganda ilikuwa na Makabaka watatu.

Kalema alitawala mwaka mmoja, na katika mwaka huo aliwaua wanawafalme na mabinti wengi wa kifalme ili pasibaki wa kushindana naye. Sifichi ubaya huo kwa sababu ya dini yake. Kama ninavyotaka damu ya 1876 iandikwe, nataka na damu iliyomwagwa na Kalema iandikwe, kwa majina ya waliofanya na sababu zao. Ninachokataa ni kitabu kinachoandika ukatili wa Kalema na kuacha ule wa Mutesa uliotangulia. Ninakataa pia kitabu kinachomwita Mwanga dhalimu katika sura ya mashahidi, kisha kinamwita Kabaka halali katika sura inayofuata, anaporudishwa na Wakristo, bila kueleza kilichobadilika ni nini.

3. Kugawana vyeo kwa dini hakuelezwi, ingawa ndiko kulikofunga mikono ya Kabaka.

Wakristo waliofukuzwa walijikusanya upande wa ufalme jirani wa Nkore; Mwanga, aliyekuwa amewachoma ndugu zao, akawa ndiye tumaini lao, na wamisionari Wakatoliki walimhifadhi Bukumbi, kusini mwa Ziwa. Oktoba 1889 Wakristo hao walimrudisha Mengo, makao makuu ya Buganda, wakatolewa tena baada ya muda mfupi, na Februari 1890 wakarudi na kubaki. Nyonyintono alikuwa amekufa vitani, na nafasi ya Katikkiro ikaenda kwa Mprotestanti, Apolo Kagwa.

Wakati huo Wakatoliki na Waprotestanti walipatana kugawana vyeo, na wakaweka sharti kwamba mwenye cheo akibadili dini anakipoteza cheo chake. Sharti hilo ningependa kila mwanafunzi wa Uganda alijue kama anavyojua jina la mji mkuu. Tangu siku ile cheo hakikuwa tena zawadi ya Kabaka. Kilikuwa mali ya chama cha dini. Kabaka hakuweza kumpandisha anayempenda bila kuvunja mapatano, wala hakuweza kumshusha anayemchukia bila kukigusa chama kizima. Baraza lilipata uti wa mgongo, lakini uti huo ulikuwa wa kimadhehebu.

Yaliyofuata hayawezi kueleweka bila hilo. Kapteni Lugard alifika Desemba 1890 kwa niaba ya kampuni ya Kiingereza, akamkuta Mwanga katikati ya makundi mawili yaliyokuwa yakiitwa Wafaransa na Waingereza, kwa kufuata asili ya wamisionari wao. Januari 1892 Mprotestanti mmoja aliuawa katika ugomvi uliotokana na bunduki. Mwanga aliisikiliza kesi na kumwachia mshtakiwa Mkatoliki, kwa kuwa aliyeuawa alikuwa ameingia katika boma la mwenzake. Hukumu hiyo ilikuwa ya Kabaka katika baraza lake, juu ya jambo lililotokea katika nchi yake. Lugard aliikataa, akawagawia Waprotestanti bunduki, na tarehe 24 Januari bunduki ya Maxim ikasikika kutoka kilima cha Kampala. Wakatoliki walishindwa na wakapewa jimbo la Buddu. Baadaye serikali ya Uingereza iliwalipa wamisionari wao fidia. Vitabu vyetu huyaita mapigano hayo vita vya Wakatoliki na Waprotestanti na kuishia hapo, wala haviulizi ni nani aliyeshindwa zaidi siku ile. Jibu langu ni kwamba aliyeshindwa zaidi alikuwa Kabaka, kwa sababu tangu hapo hukumu yake ilihitaji ridhaa ya mgeni na ya chama kilichokuwa na mgeni huyo.

Na Waislamu? Mwaka huo huo wa 1892 Mbogo, ndugu yake Mutesa aliyewaongoza baada ya Kalema kufa kwa ndui, alikubali kuja Kampala kwa amani, na watu wake wakapewa saza, yaani majimbo, tatu ndogo. Mwaka 1893 kulitokea vurugu, wakanyang'anywa saza mbili, na Mbogo akapelekwa Zanzibar, ambako alikaa hadi aliporejeshwa mwaka 1895. Wakabaki na Butambala. Mwaka huo huo wa 1893 Wakatoliki waliongezewa saza, na pakawa na Makatikkiro wawili, mmoja wa kila upande wa Kikristo.

4. Mkataba wa 1900 unafundishwa kama habari ya ardhi na kodi, na Kifungu cha 6 kinarukwa.

Mwanga aliasi Julai 1897. Mwezi uliofuata mwanawe, Daudi Chwa, alitawazwa akiwa na umri wa mwaka mmoja. Nchi ikashikwa na walezi watatu: Apolo Kagwa na Zakaria Kisingiri, Waprotestanti, pamoja na Stanislaus Mugwanya, Mkatoliki. Mwanga alikamatwa mwaka 1899 pamoja na Kabalega, mfalme wa Bunyoro, akafa Ushelisheli mwaka 1903. Basi Sir Harry Johnston, mjumbe wa serikali ya Uingereza, alipokuja kufanya mkataba, hakukuwa na Kabaka wa kukaa naye mezani. Kulikuwa na mtoto mdogo, na kulikuwa na wakuu ambao kila mmoja alikuwa na chama chake nyuma yake.

Mkataba uliotiwa saini tarehe 10 Machi 1900 uliweka muundo wa Lukiiko: wakuu wa saza 20, mawaziri watatu, watu mashuhuri watatu kutoka kila saza, na wengine sita wa kuteuliwa na Kabaka. Jumla ni watu 89. Kifungu cha 6 kiliamua kwamba Kabaka akifariki, mrithi wake atachaguliwa kwa kura nyingi za baraza hilo kutoka katika uzao wa Mutesa, na jina lake lipelekwe kwa serikali ya Uingereza ili likubaliwe. Waheshimiwa, someni tena sentensi hiyo. Kilichokuwa siri ya wazee wachache usiku wa msiba kiligeuka kuwa haki ya baraza iliyoandikwa na kutiwa saini, na kwa kifungu hicho hicho haki hiyo ikawekwa chini ya idhini ya dola nyingine. Baraza lilipanda juu ya Kabaka na likainamishwa mbele ya Mwingereza kwa wakati mmoja.

Na baraza hilo lilikuwa la nani? Orodha ya ardhi katika mkataba huo inajibu kwa tarakimu. Wakuu na wamiliki binafsi 1,000 walikadiriwa maili za mraba 8,000. Kila mlezi kati ya wale watatu alipata maili za mraba 16 ziwe zake binafsi, na nyingine 16 za cheo chake. Jumuiya tatu za kimisionari zilipata 92. Mbogo, aliyetajwa humo kama mkuu wa Waislamu, alipata 24 kwa ajili yake mwenyewe na wafuasi wake wote. Katika saza 20, ya Waislamu ilibaki moja. Wakulima waliokuwa wakilima mashamba yale hawakupata kitu. Waligeuka wapangaji wa waliokaa barazani, na wazee wa koo waliopoteza makaburi ya babu zao walikuwa bado wanalalamika miaka ya 1920. Kesi za kibanja na mailo, yaani za wapangaji na wenye ardhi, zinazojaza mahakama zetu hadi leo zina asili yake hapo.

Hapo pia ndipo penye maelezo ya jambo ambalo wanafunzi huniuliza mara kwa mara, kwamba kwa nini katika kizazi cha babu zao Waislamu wengi wa Buganda walikuwa wachinjaji, madereva na wachuuzi, na wachache sana walikuwa makarani na walimu. Shule zilikuwa za misheni, na wazazi waliogopa watoto wao watabatizwa. Vyeo vilikuwa vya waliosoma katika shule hizo, na viti vya baraza vilikuwa vya wenye vyeo. Hakuna haja ya kutafuta sababu katika tabia ya watu wakati sababu imeandikwa katika mkataba.

5. Wanafunzi hawaonyeshwi kwamba Kifungu cha 6 kiliendelea kuitikisa nchi.

Hapa nitakuwa mfupi. Mwaka 1953 Gavana Andrew Cohen alimwondoa Kabaka Mutesa wa Pili nchini kwa kutumia Kifungu cha 6, na mwaka 1954 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho hakikupaswa kutumiwa hivyo. Kabaka alirudi Oktoba 1955 chini ya mkataba mpya uliofanya sehemu kubwa ya Lukiiko ichaguliwe. Tarehe 20 Mei 1966 Lukiiko lilipitisha azimio la kuitaka serikali kuu iondoke katika ardhi ya Buganda, na tarehe 24 Mei jeshi likaivamia Lubiri, ikulu ya Kabaka. Mwalimu anayefundisha 1966 bila 1900, na 1900 bila 1888, anawapa wanafunzi mlipuko usio na baruti.

Naongeza jambo moja lililonisukuma zaidi. Nimefundisha kutoka vitabu vinavyoeleza kwa urefu jinsi Waingereza walivyomwondoa mfalme wao Mkatoliki, James wa Pili, mwaka 1688, jinsi Bunge lao lilivyowapa kiti William na Mary, na jinsi sheria ya mwaka 1701 ilivyoamua ni dini gani mfalme asiwe nayo. Ni somo zuri na sitaki lifutwe. Lakini miaka 200 kamili baada ya 1688, katika mji huu tunaoishi, watu wetu waligombana juu ya maswali hayo hayo: nani anamweka mfalme, dini gani inamfaa, na baraza lina haki gani juu yake. Kagwa mwenyewe, aliyekuwa mlezi wa Kabaka mtoto, alialikwa London mwaka 1902 kwa ajili ya kutawazwa kwa Edward wa Saba, akaiona kwa macho yake nchi ambayo Bunge lake lilikuwa limekwisha kuweka masharti juu ya taji. Mwanafunzi wa Kampala anayeweza kueleza 1688 lakini hawezi kueleza 1888 amenyimwa haki yake.

Natambua majibu mnayoweza kunipa, na kwa heshima nayajibu mapema.

Mtasema mada hii inaweza kuamsha chuki za dini. Nimeifundisha kwa madarasa yenye Wakatoliki, Waanglikana, Waislamu na Walokole wakiwa wamekaa dawati moja, na ugomvi haukutokea. Kinachozaa chuki ni pale mtoto anaposikia nyumbani habari ya wafu ambao shule inakana kuwapo kwao. Aidha, hakuna upande unaotoka msafi katika habari hii: Mutesa aliua Waislamu, Mwanga aliua Wakristo, Kalema aliua ndugu zake, na Wakristo walipopata nguvu waligeuziana bunduki. Somo likielezwa kwa ukamilifu, hakuna mtoto atakayepata cha kujivunia juu ya mwenzake.

Mtasema hakuna vyanzo upande wa Waislamu. Mkataba wa 1900 upo, na unasomeka. Shajara na barua za wamisionari zipo, na baadhi yake zinazungumzia mauaji ya Waislamu. Apolo Kagwa aliandika historia ya Makabaka kwa Kiganda, akiwa mmoja wa waliokuwamo. Familia ya Mbogo haikutoweka. Mwanawe, Mwanamfalme Badru Kakungulu, ndiye aliyetoa ardhi ya Kibuli ulipojengwa msikiti unaoonekana kutoka nusu ya mji. Masimulizi yaliyohifadhiwa katika familia za Butambala na Kibuli yanahitaji kukusanywa sasa, kwa sababu wazee wanaoyajua wanapungua.

Mtasema mtaala umejaa. Siombi sura mpya. Naomba sura tatu zilizopo ziunganishwe, na nafasi inayotumika kurudia majina ya wavumbuzi wa Kizungu ipunguzwe kidogo.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, ninaomba yafuatayo:

(a) Mtaala utaje waziwazi mauaji ya Waislamu ya mwaka 1876 kama mwanzo wa kipindi cha vita vya dini, na wachapishaji watakiwe kuyaeleza katika toleo lijalo.

(b) Miaka ya 1888 hadi 1900 ifundishwe kama mada moja, kuanzia kupinduliwa kwa Mwanga hadi Kifungu cha 6, ikieleza mila ya zamani ya urithi, mapatano ya kugawana vyeo kwa dini, na muundo wa Lukiiko la watu 89.

(c) Vifungu vya Mkataba wa 1900 vinavyohusu urithi, Lukiiko na ardhi vitolewe katika kijitabu cha wanafunzi kwa Kiingereza, Kiganda na Kiswahili, ili mwanafunzi asome maneno yenyewe badala ya muhtasari wa mtu mwingine.

(d) Ziara za shule zinazoishia Kasubi, walikolala Mutesa wa Kwanza, Mwanga, Daudi Chwa na Mutesa wa Pili, zifike pia Masanafu kwenye kaburi la Kiweewa na Mende kwenye kaburi la Kalema, na maeneo hayo yawekewe maelezo ya kutosha.

(e) Iundwe kamati ndogo ya walimu, wanahistoria na wazee wa dini zote, wakiwemo wanaoshika dini ya jadi ambao nao walipoteza vyeo katika miaka hiyo, ipitie rasimu kabla haijachapishwa.

(f) Nipewe jibu la maandishi, na jibu hilo liwe la ofisi iliyo tayari kusema kwamba jambo hili ni lake.

Nipo tayari kufika mbele yenu siku na saa mtakayoniitia, nikiwa na kurasa za vitabu ninazozilalamikia na nakala za barua nilizokwisha kuandika.

Wenu katika kazi ya kufundisha,

Mwalimu wa historia, Kampala